“Jiunge na kikundi” ni nusu ya ushauri

Mhariri,

Makala za magazeti kuhusu ulevi huishia karibu zote kwenye sentensi moja: mwenye tatizo atafute kikundi cha watu wanaoacha pombe. Ushauri wenyewe hauna kosa. Kosa ni kwamba unamwacha msomaji palepale alipokuwa amekaa, gazeti mkononi, hajui kikundi kinakutana wapi, saa ngapi, mlango ni upi na akifika atasema nini. Sisi tunaoandika barua hii tunashughulika na simu za wanaotafuta vikao na kuwapokea wanapofika. Watu wengi hupotelea hapo katikati, kabla hata ya kusikia neno moja la kikao.

Jambo hili liliwahi kupimwa. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo la watu 20 waliokuwa kwenye matibabu ya ulevi. Nusu walipewa maelezo ya kawaida, yaani kikundi kiko wapi na hukutana lini. Nusu nyingine waliunganishwa kwa simu, hapohapo ofisini kwa mshauri, na mwanachama aliyekubali kukutana nao na kuwapeleka. Waliopewa maelezo tu, hakuna hata mmoja aliyekwenda. Waliounganishwa na mtu walikwenda wote. Jaribio la watu 20 haliwezi kubeba kila hoja, lakini linalingana na mambo yanayoonekana mlangoni kila wiki: karatasi yenye anwani hulala mfukoni, ila anayesubiriwa na mtu huja.

Kabla ya kutafuta kikao, swali la kwanza ni la kitabibu. Anayekunywa sana kila siku, anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate ya kutoa lock, yaani pombe ya kuutuliza mwili, asiache ghafla akiwa peke yake ili eti aende kikaoni akiwa msafi. Arosto ya pombe, yaani mwili kuteseka unapoikosa, inaweza kuua. Saa 6 hadi 12 baada ya tone la mwisho huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Degedege, ikija, huja kwa kawaida ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya saa 48 na 96 wengine hupatwa na hali mbaya zaidi: kuchanganyikiwa, homa, kuona vitu visivyokuwepo. Hapo panahitajika hospitali, dawa za kutuliza mfumo wa fahamu na mara nyingi vitamini B1, ambayo miili ya wanywaji wa muda mrefu huwa imeishiwa, na upungufu wake unaweza kuharibu ubongo kwa kudumu. Aliyewahi kupata degedege siku za nyuma alipojaribu kuacha amwambie daktari hilo kabla ya jingine lolote. Kikundi hakina wodi. Ila mtu anaweza kuanza vikao huku bado anapunguza pombe chini ya uangalizi wa daktari. Hakuna anayepimwa pumzi mlangoni.

Na anayejiuliza kama kweli ana tatizo, Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, lenye alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 8 kwenda juu ni dalili ya unywaji wenye madhara. Hakuna kikundi kinachodai cheti cha dodoso hilo, lakini huwasaidia wale wanaojilinganisha na jirani anayekunywa kuliko wao.

Sasa kikundi kipi? Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, yaani walevi wasiotajwa majina. Kilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa watu wawili, mmoja wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waliogundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake hupata nguvu ya kukaa bila pombe siku hiyo. AA ina hatua 12 za kujitengeneza, na sharti la kujiunga ni moja: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada. Hatua hizo humtaja Mungu, kwa maneno ya “kadiri kila mtu anavyomwelewa”, na hapa ndipo wengi hukwama kwa pande zote mbili. Asiye na dini hudhani atahubiriwa. Mwenye dini yake akisikia kwamba kikao kiko kwenye ukumbi wa kanisa hudhani anaitwa abadili dini. Ukumbi ni wa kukodi tu. Vikundi hukaa makanisani kwa sababu kumbi hizo ziko wazi jioni na kodi yake ni ndogo.

Asiyetaka njia ya hatua 12 ana nyingine. SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, hutumia mbinu za kisaikolojia za kutambua na kubadili fikra zinazomrudisha mtu kwenye chupa, na vikao vyake huongozwa na mtu aliyefunzwa. Women for Sobriety, ya mwaka 1975, ni ya wanawake. Msalaba wa Buluu, ulioanzishwa Geneva mwaka 1877, una msingi wa Kikristo. Kwa maoni yetu anayeanza asipoteze mwezi mzima akilinganisha falsafa. Aanze na kikao kilicho karibu, kinachokutana wiki hii. Mengine atayachambua akiwa tayari amekaa kitini.

Kuna kosa moja linalojirudia kuliko yote: mke, mama au kaka wa mlevi anapiga simu AA akiomba aandikishwe mgonjwa wake. AA haimwandikishi mtu kwa niaba ya mwingine. Ndugu wana kikundi chao, Al-Anon, kilichoanza mwaka 1951, na vijana wanaoishi na mlevi wana Alateen, ya mwaka 1957. Ndugu anaweza kuanza kwenda leo, hata kama mlevi mwenyewe hataki kusikia. Vikao hivyo humsaidia aache kulipa madeni ya pombe, kumdanganya bosi kwa niaba ya mgonjwa, na kumwaga chupa zinazonunuliwa upya kesho yake.

Kwenye utafutaji wenyewe, mtego mkubwa uko juu kabisa ya ukurasa wa majibu ya intaneti. Yale ya mwanzo mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa. Namba inayoonekana kama ya msaada kwa walevi huweza kuwa ya wakala anayepewa kamisheni kwa kila mgonjwa anayempeleka kwenye kituo cha matibabu. Utaitambua kwa maswali yake: bima yako ni ya kampuni gani, kadi yako ya benki, jina lako kamili, unaweza kulipa kiasi gani leo. Simu ya kikundi cha kweli hukuuliza uko eneo gani, na kama umekunywa leo. Vituo vya matibabu vina kazi yake, na baadhi ya watu wanavihitaji hasa, lakini aliyekusudia kupata kikao cha bure asijikute amesaini mkataba wa kulazwa siku 28. Nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya AA ya nchi au mkoa wako, au pakua programu ya simu iitwayo Meeting Guide, ya bure, inayoonyesha vikao kwa umbali na kwa saa.

Orodha ikifunguka, soma herufi ndogo zilizo pembeni. O ni kikao cha wazi, anachoweza kuhudhuria yeyote, akiwemo ndugu, mwanafunzi au mwandishi wa habari. C ni cha faragha, cha wenye tatizo la pombe peke yao. Ndugu akimsindikiza mtu hapo atabaki nje, na aghalabu mgeni naye huondoka pamoja naye. BE ni cha wageni, SP ni cha msemaji mmoja anayesimulia, D ni cha mazungumzo, ST ni cha kusoma hatua, B ni cha kusoma kitabu kikuu cha AA kilichotoka mwaka 1939. W ni wanawake, M ni wanaume, X panaingilika kwa kiti cha magurudumu. Herufi inayowapotezea watu nauli ni TC: ukumbi umefungwa kwa muda. Anwani inabaki imeandikwa, ramani inakuelekeza vizuri, unafika unakuta kufuli.

Kwa mara ya kwanza chagua kikao cha wageni, au cha wazi chenye msemaji. Cha msemaji kina faida yake: unakaa, unasikiliza, hakuna zamu inayokukaribia kiti kwa kiti huku moyo ukidunda.

Halafu piga simu. Usiiamini orodha peke yake. Vikundi hujiendesha vyenyewe na viongozi wake hubadilishana zamu kila baada ya miezi michache. Katibu mpya akisahau kutoa taarifa, saa ya zamani hubaki kwenye orodha hata mwaka mzima. Sikukuu na likizo za shule huvuruga kumbi pia. Uliza kama kikao kipo wiki hii, mnaingilia mlango gani (jengo moja huweza kuwa na milango minne, na wa mbele usiku huwa umefungwa), lugha inayotumika ni ipi, na swali la thamani kuliko yote: je, yuko mtu anayeweza kunisubiri nje dakika kumi na tano kabla? Katika vikundi vingi jibu ni ndiyo. Simu isipopokelewa acha jina lako la kwanza na saa ambayo unaweza kuongea bila kusikiwa, maana wanaopiga kurudisha ni watu wa kujitolea na wengi hupiga jioni wakitoka kazini. Kama unatumia simu ya nyumbani au ya kazini, waambie wasiache ujumbe.

Sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa peke yetu. Kikao kilichoandikwa 7:00 PM ni saa moja usiku. Wako waliofika saa saba mchana wakakuta fundi wa ukumbi anapiga deki. Kwa vikao vya mtandaoni ongeza majira ya nchi: Ulaya na Marekani hurudisha na kusogeza saa zao kila mwaka, kwa tarehe zisizolingana, kwa hiyo kikao ulichokizoea huweza kusogea saa nzima bila taarifa.

Vikao vya mtandaoni vimewaokoa walio mbali, wanaolea watoto wachanga na wanaoogopa kuonekana wakiingia mlangoni. Kabla ya kubonyeza kiungo badilisha jina linaloonekana kwenye skrini, kwa sababu programu huchukua jina kamili la akaunti, na ukitumia kompyuta ya kazini huweza kuchukua hata jina la idara. Tumia spika za masikioni, sauti za wenzako zisisikike sebuleni. Kamera unaweza kuizima, ingawa baadhi ya vikundi huomba uifungue kwa sekunde chache mwanzoni kuzuia wahuni wanaovamia vikao. Kwa sababu hiyohiyo neno la siri mara nyingi haliwekwi hadharani. Unaliomba kwa barua pepe, na barua hiyo itume mapema, isiwe dakika tano kabla.

Ukifika, hakuna cha kubeba wala cha kujaza. Kikao huchukua dakika 60, vingine 90. Mwenyekiti hufungua kwa maneno mafupi yanayosomwa, kisha huuliza kama kuna mgeni. Kujitambulisha ni hiari, na ni jina la kwanza tu. Zamu ikikufikia sema “leo nasikiliza” au “napita”, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Mtu anapoongea hakatizwi, hajibiwi, hapewi ushauri. Anayeanza huona ubaridi katika hilo, lakini ndilo linalomwezesha mtu kusema la aibu bila kugeuzwa mada ya mjadala. Kapu la michango likipita, mgeni hatarajiwi kutia kitu. Vikundi vya AA havipokei fedha za nje, kwa hiyo hicho kidogo kinachokusanywa ndicho kodi ya ukumbi na chai. Vingi hutoa kisarafu cha kumbukumbu kwa saa 24 za kwanza, siku 30, 60, 90 na kuendelea.

Aliyekunywa siku hiyo aje tu, ila asiendeshe gari. Ataombwa akae na kusikiliza bila kuongea, na akianza vurugu atatolewa kwa upole. Afadhali aje amelewa kuliko asije.

Kuhusu siri tuseme wazi, kwa sababu wageni huahidiwa kupita kiasi. Usiri wa kikundi ni ahadi ya watu waliomo. Hauna nguvu ya kisheria kama ule wa wakili na mteja wake. Mwenye kesi mahakamani, au aliyefanya jambo linaloweza kumfunga, asilisimulie mbele ya chumba kizima. Hayo yana wakili. Anayehitaji karatasi ya mahudhurio kwa ajili ya korti au mwajiri amuulize katibu kabla ya kikao kuanza, kwani kuna vikundi visivyotia saini kabisa.

Kikao cha kwanza mara nyingi hakinogi. Ukumbi una mwangwi, msemaji anarefusha, mtu mmoja analia na mwingine anacheka mahali ambapo wewe huoni cha kuchekesha. Hudhuria angalau sita, katika vikundi tofauti, kabla ya kusema hakikufai, maana kila kikundi kina tabia yake. Kuna desturi ya vikao 90 kwa siku 90. Haiko kwenye hatua 12, ni mazoea tu ya wanachama, lakini sababu yake ni ya kueleweka: miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa ya kurudia, na kikao cha kila siku huijaza saa ileile ambayo mtu alizoea kuwa baa. Asiyeweza, kwa kazi au kwa umbali, apange vitatu kwa wiki na apige simu kwa mwanachama siku zilizobaki. Ndiyo maana usitoke kwenye kikao cha kwanza bila namba za simu mbili au tatu. Zijaribu siku ambayo huna shida, useme habari tu. Asiyewahi kupiga akiwa mzima hapigi akiwa na kiu.

Baada ya vikao kadhaa omba sponsa, yaani mwanachama aliyekaa muda bila pombe, kwa kawaida mwaka au zaidi, atakayekupitisha kwenye hatua. Unaruhusiwa kuomba wa muda. Desturi ni mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, na tunaiunga mkono bila kuona haya, kwa sababu wapo wazoefu wachache wanaowinda wageni kimapenzi. Anayekualika kwake usiku, anayekopa fedha, anayekuuzia bidhaa au kukuingiza kwenye biashara, huyo hafanyi kazi ya kikundi. Mwambie katibu, na badili kikao kama hakuna hatua. Usiache vikao vyote kwa sababu yake.

Hali kadhalika anayekuambia utupe dawa za daktari. AA yenyewe imeandika kwamba mwanachama yeyote asijifanye daktari. Dawa za naltrexone na acamprosate husaidia baadhi ya watu kukaa mbali na pombe, na hazizuii kuhudhuria. Dawa ya disulfiram humfanya anayekunywa juu yake atapike, awake uso na moyo umwende mbio, kwa hiyo inatolewa kwa uangalizi, na hata dawa za kikohozi zenye alkoholi ni za kuepukwa. Dawa za kifafa, msongo na maradhi mengine ya akili haziachwi kwa neno la mtu wa kiti cha pili.

Je, vikundi vinafanya kazi? Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Programu zilizowaelekeza na kuwashikisha watu kwenye AA kwa mpango ulioandaliwa vizuri ziliwafanya wengi zaidi wakae bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, na kwa vipimo vingine zilikuwa sawa nazo kwa jumla. Msomaji aangalie neno kuwashikisha. Kilichopimwa hapo ni watu waliopelekwa na kufuatiliwa, zaidi ya kutajiwa jina la kikundi.

Mahali pasipo na kikundi, walevi wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kikundi cha AA, mradi hawajifungamanishi na chama au taasisi nyingine. Wanahitaji chumba, siku moja isiyobadilika, watu wawili wenye funguo, na kujiandikisha kwenye ofisi ya AA ya nchi au mkoa ili waonekane kwenye orodha. Vikundi vichanga hufa kwa sababu zinazofanana: mwanzilishi anashika funguo, fedha na uenyekiti peke yake, akisafiri mlango haufunguki, au wanaahirisha kikao cha sikukuu, siku ambayo kiu ni kali kuliko zote. Fungueni hata kama mko wawili.

Kwako, Mhariri, ombi letu ni la nafasi ndogo tu. Kila mnapochapisha habari ya ulevi, wekeni chini yake siku ya kikao, saa kwa Kiswahili na kwa tarakimu za Kiingereza, kama ni cha wazi au cha faragha, mlango wa kuingilia, namba ya simu inayopokelewa na mtu, ya Al-Anon pia, pamoja na tarehe ambayo mwandishi wenu aliipiga akahakikisha. Namba iliyohakikishwa mwaka jana ichapishwe baada ya kupigwa upya. Mkitaka kuona kikao, mtume mwandishi kwenye cha wazi, amjulishe katibu kabla, aache kamera ofisini, na asiandike jina kamili la yeyote aliyemkuta humo, hata aliyekubali: AA huwaomba wanachama wake wasitajwe majina wala kuonyeshwa sura kwenye vyombo vya habari, na mgeni anayesita hulisoma gazeti akitafuta hilohilo.

Wapokeaji wa wageni katika vikundi vya kuacha pombe
(Majina yamehifadhiwa)